PCN ya kampuni binafsi Uingereza: ulipe, ukate rufaa, uende kwa mwenye eneo au unyamaze? Tulinganishe

Wenzangu mlioko Uingereza mnaoendesha, hii barua ya kudaiwa paking (PCN) wengi mshaiona. Picha mbili za gari yako, moja inaingia uwanja wa paking nyingine inatoka, chini yake pauni 100, na maneno kwamba ukilipa ndani ya siku 14 ni pauni 60. Nimesaidia watu kujibu hizi barua na naona makundi yaleyale. Kuna wanaolipa jioni ileile kwa woga, wanadhani ni serikali, eti leseni itaguswa au makaratasi ya kukaa nchini yatavurugika. Na kuna wanaoitupa kwenye pipa kwa sababu kuna mtu aliwaambia ni karatasi za kutishia tu. Kati ya hayo mawili kuna njia nyingine na zinatofautiana sana, kwa hiyo niziweke pamoja, kila mtu aangalie yake inaangukia wapi. Nazungumzia England na Wales, Scotland na Northern Ireland ntagusa kidogo.

Kwanza, ni kaunsili au ni kampuni?

Zote zinajiita PCN na hapa ndo watu wanapotelea. Ya kaunsili juu imeandikwa Penalty Charge Notice. Ya kampuni binafsi ni Parking Charge Notice. Soma kichwa cha barua polepole na uangalie jina la aliyekuandikia kabla hujafanya chochote.

Ya kaunsili ni faini ya kisheria. Ukilipa mapema unalipa nusu, usipolipa inapanda kwa nusu nyingine, inasajiliwa, na mwisho wanakuja mabelifu wenye mamlaka kweli, kwa hiyo hiyo usiipuuze hata siku moja. Uzuri wake ni kwamba kaunsili ikikataa maelezo yako unaenda kwa waamuzi huru, London Tribunals kama ni ndani ya London na Traffic Penalty Tribunal kwa sehemu nyingine za England na Wales, hulipi kitu na kaunsili lazima itii wanachoamua.

Ya kampuni ni bili ya mkataba. Wanachosema ni kwamba kibao kilikuwa na masharti, ukaegesha, basi umeyakubali, na umeyavunja kwa hiyo wanakudai. Hamna kosa la jinai hapo, hamna pointi kwenye leseni, polisi hawahusiki. Anwani yako wameinunua DVLA, ofisi ya serikali ya usajili wa magari na leseni, kwa pauni 2.50. Tangu Oktoba 2012 hata kufunga gari mnyororo kwenye eneo binafsi ni marufuku, kwa sheria inayoitwa Protection of Freedoms Act 2012, na sheria hiyohiyo ndo ikawapa kampuni kitu kingine, kwamba wakifuata masharti fulani wanaweza kumdai mwenye gari hata kama hawajui nani alikuwa anaendesha. Mwenye gari namaanisha jina lililoko kwenye V5C, karatasi ya usajili wa gari. Hayo masharti tutayarudia maana ndo yanayoshinda rufaa nyingi.

Kulipa 60 au kupigania

Sitaki mtu aniambie kila barua ni ya kupinga. Kuna mahali kulipa 60 ndo uamuzi wa busara. Umezidisha saa nzima, vibao viko kila kona na maandishi makubwa, barua imekuja ndani ya muda, huna risiti ya duka wala sababu yoyote, hapo unapigania nini? Mwezi wa 11 mwaka 2015 Mahakama ya Juu iliamua kesi ya ParkingEye dhidi ya Beavis. Jamaa aliegesha kwenye maduka kule Chelmsford, paking masaa 2 bure, akazidisha dakika 56, akadaiwa pauni 85. Mahakama ikasema ni halali, kwamba kampuni ina haki ya kulinda nafasi zisikaliwe na mtu mmoja siku nzima, na vibao vilikuwa wazi. Tangu siku hiyo hoja ya "pesa ni nyingi mno, mbona hawakupata hasara" haifanyi kazi kwenye paking za namna ile, na bado naona watu wanaiandika kila siku kama hoja yao kuu.

Ila jua kwamba ukilipa ndo imeisha, huwezi kulipa leo ukakata rufaa kesho. Na jua pia kwamba kukata rufaa kwa kampuni yenyewe mapema hakukupotezei punguzo, kanuni zao zinataka ukiandika ndani ya zile siku 14 na wakakataa, wakupe siku 14 nyingine za kulipa bei ya chini. Kwa hiyo hatua ya kwanza ya rufaa haina hasara. Hasara inaanza hatua ya pili, ukienda kwa waamuzi wa nje na ukashindwa ni pauni 100 yote.

Kwenda kwa mwenye eneo

Hii njia watu wanaidharau na mimi naiweka juu kabisa. Kampuni ya paking ni kibarua wa mwenye eneo, supamaketi, gym, hospitali, hoteli, ofisi. Bosi akimwambia futa, inafutwa, hamna cha rufaa wala sheria. Nenda na risiti, au taarifa ya benki inayoonyesha ulinunua siku ile, ongea na meneja kwa upole, mwombe awaandikie kampuni. Akisema sisi hatuhusiki na paking, andika makao makuu yao, huduma kwa wateja, weka na picha ya risiti. Mteja wa kila wiki mwenye risiti ya pauni 80 hawataki kumpoteza kwa ajili ya dakika 25.

Kwa ndugu zetu wa hospitali na kea, hii inawahusu moja kwa moja. NHS England ina utaratibu wa paking bure kwa wafanyakazi wa shifti za usiku, wenye Blue Badge (kibali cha paking cha watu wenye ulemavu), wagonjwa wa nje wanaokuja mara kwa mara, na wazazi wanaolala na mtoto mgonjwa. Ukipigwa PCN na uko kwenye mojawapo ya hayo makundi, anza na ofisi ya usafiri ya hospitali kama ni mfanyakazi, au PALS, kitengo cha hospitali cha kusaidia wagonjwa na familia, kama ni mgonjwa au mzazi, ukiwa na rota au barua ya miadi mkononi.

Tatizo la hii njia ni moja, inakula muda. Unasubiri meneja akujibu, wiki mbili zimepita, punguzo limekwisha. Kwa hiyo zifanye zote mbili kwa pamoja, mwenye eneo upande huu na rufaa kwa kampuni upande ule, wala usiwaambie wanangojana.

Uandike kama dereva au kama mwenye gari?

Hapa ndo penye uzito, naomba msome taratibu.

Ukiandika "niliegesha, nikaingia dukani, nikachelewa kutoka", umeshawaambia dereva ni nani. Sasa hivi wana mtu wa kumdai, na makosa yote waliyofanya kwenye barua kwa mwenye gari hayakusaidii tena. Ukiandika kama mwenye gari, "gari iliegeshwa", "dereva aliona kibao hiki", bado wanalazimika kuthibitisha kwamba walifuata sheria ya 2012 neno kwa neno. Mwenye gari hana wajibu wa kisheria kuitajia kampuni binafsi jina la dereva. Simaanishi udanganye, usiseme hukuendesha wakati uliendesha, na usimtaje mke au kaka ambaye hakuwepo, huo ni uongo na mahakamani utakuumiza. Unakaa kimya tu kuhusu hilo, na kukaa kimya ni haki yako.

Sasa tarehe. Kama hukukuta karatasi kwenye kioo na barua imekuja kwa posta baada ya kamera kukusoma, barua hiyo lazima iwe imekufikia ndani ya siku 14, kuanza kuhesabu kesho yake baada ya kuegesha. Na sheria inachukulia barua imefika siku ya pili ya kazi baada ya kutumwa. Tuseme uliegesha Jumatatu tarehe 3 Machi 2025. Unaanza kuhesabu tarehe 4, siku ya 14 inaangukia Jumatatu tarehe 17. Barua ikiwa imetumwa Alhamisi tarehe 13, inahesabika imefika tarehe 17, wako ndani. Ikiwa imetumwa Ijumaa tarehe 14, siku za kazi ni Jumatatu na Jumanne, inahesabika imefika tarehe 18, wamechelewa kwa siku moja, na siku moja inatosha. Hawawezi tena kumdai mwenye gari, wamebaki na dereva ambaye hawamjui. Mtu aliyeanza imeili yake kwa "samahani nilichelewa" anakuwa ametupa ushindi huo mwenyewe.

Kama ulikuta karatasi kwenye kioo, hesabu ni nyingine, barua kwa mwenye gari inatakiwa ije baada ya siku 28 kupita na isizidi siku 56. Ikija mapema ni kosa, ikichelewa ni kosa.

Alafu kuna maeneo ambayo hiyo sheria haigusi kabisa, yale yenye sheria zake ndogo, kama viwanja vingi vya ndege na stesheni za treni. Huko kampuni haiwezi kutumia sheria ya 2012 kumbana mwenye gari. Scotland na Northern Ireland nako hiyo sehemu ya sheria haitumiki, kwa hiyo kutotaja dereva kuna uzito mkubwa zaidi.

Gari ya kukodi au ya kampuni, barua inaenda kwa mwenye gari kwanza na wao mara nyingi wanatoa jina lako na kukukata ada ya usumbufu juu yake, hapo wahi kuwaandikia kabla hawajalipa kwa niaba yako.

POPLA au IAS

Huchagui wewe, inategemea kampuni iko chama gani. Angalia nembo kwenye barua au kwenye kibao. Wa British Parking Association (BPA) rufaa yao ya pili ni POPLA. Wa International Parking Community (IPC) ni IAS. Ila kujua uko upande gani kunabadilisha jinsi ya kuamua.

POPLA, baada ya kampuni kukukataa wanakupa namba ya tarakimu 10, una siku 28. Kwako bure, kampuni ndo inalipia. Wanatakiwa walete ushahidi wote, mkataba wao na mwenye eneo, picha za vibao, nakala ya barua, alafu wewe unapewa siku 7 kujibu ushahidi wao. Hizo siku 7 zitumie! Watu wanadhani wakishatuma rufaa kazi imekwisha, kumbe ndani ya ule ushahidi ndo unakuta picha za vibao za miaka iliyopita au mkataba uliofutwafutwa usioonyesha hata tarehe. Na inatokea kampuni ikiona rufaa ndefu yenye hoja za sheria inaamua kutoshindana, unapata imeili kwamba umeshinda bila mwamuzi hata kusoma.

IAS una siku 21 tu. Waamuzi wake hawatajwi majina, na sifa yake kwa madereva si nzuri, walioshindwa pale wakaja kushinda mbele ya jaji wapo. Mimi ushauri wangu, kama kampuni ni ya IPC, weka nguvu zaidi kwa mwenye eneo na kwenye rufaa ya kwanza, na IAS nenda ukiwa na kitu kisichobishika, kama tarehe zilizopita au risiti ya kulipia ile paking yenyewe. Kama hoja yako ni ya kuombea huruma, fikiria ile 60 kabla hujaenda.

Kote kuwili ukishinda kampuni imefungwa mikono. Ukishindwa, uamuzi haukubani wewe, anayeweza kukulazimisha ni jaji peke yake.

Hoja zenye nguvu na zisizo na nguvu

Tangu Oktoba 2024 vyama vyote viwili wana kanuni moja. Ndani yake kuna dakika zisizopungua 5 mwanzoni za kusoma masharti na kuamua kubaki au kuondoka, na dakika 10 za ziada mwishoni ukiwa umeegesha kihalali. Kamera inasoma ukiingia getini na ukitoka getini, haijui ulizunguka dakika 8 unatafuta nafasi Jumamosi mchana, kwa hiyo ukikuta umezidi dakika 9 au 12, hesabu hizo vizuri kabla hujatoa pesa. Kukosea namba ya gari kwenye mashine, herufi O badala ya sifuri au herufi moja kurukwa, wanatakiwa wafute ukionyesha ulilipa, na kosa likiwa kubwa zaidi, mfano umeandika namba ya gari nyingine ya nyumbani, wasikudai zaidi ya pauni 20.

Kamera kukosa safari moja nayo ni kitu cha kweli, umeingia asubuhi ukatoka, ukarudi jioni, wao wakaona kuingia kwa asubuhi na kutoka kwa jioni, eti ulikaa siku nzima. Ramani ya simu, muamala wa benki sehemu nyingine, kadi ya kazini, chochote kinachoonyesha katikati ulikuwa kwingine.

Wapangaji wa fleti msome mkataba wa nyumba kabla ya kibao. Kama mkataba umekupa nafasi ya gari bila kutaja kibali cha kuweka kiooni, kampuni iliyoletwa baadaye haiwezi tu kuja kubadilisha haki yako kwa kugongelea kibao ukutani. Na kwa wale waliosimama mlangoni kushusha mizigo, mwaka 2016 jaji wa mahakama ya kaunti ya Oxford alisema kusimama kushusha kitu si kuegesha. Hukumu ya mahakama ya ngazi hiyo haiwabani majaji wengine lakini inasomwa.

Vibao piga picha mwenyewe, usiku kama ilikuwa usiku, ukiwa umekaa kwenye kiti cha dereva. "Sikuona kibao" bila picha haina uzito wowote. "Nilikuwa nimechoka", "nilimfuata mtoto", "foleni ilikuwa ndefu", binadamu yeyote anaelewa ila mwamuzi wa POPLA au IAS anaangalia sheria na masharti, hizo zipeleke kwa meneja wa duka. Blue Badge kwenye eneo binafsi haikupi haki za barabarani moja kwa moja, lakini kama mtu anahitaji muda zaidi kwa sababu ya ulemavu, Equality Act 2010 inawataka wamrekebishie, taja hiyo sheria kwa jina.

Kunyamaza

Hii ndo njia inayoniuma, maana nimeona matokeo yake. Mwanzoni zinakuja barua za wakusanya madeni, pauni 100 inakuwa 170. Hao hawana mamlaka ya mabelifu, hawawezi kuingia kwako wala kuchukua kitu, barua zao unaweza kuzisoma ukaziweka. Lakini ikija barua ya kukutaarifu kwamba watafungua kesi, hiyo una siku 30 kuijibu, na yakija makaratasi ya mahakama yenyewe ya kaunti, una siku 14 kukiri umeyapata na ukifanya hivyo unafika 28 za kupeleka utetezi. Ukiyanyamazia hayo unapigwa CCJ, yaani hukumu ya deni ya mahakama ya kaunti, bila kusikilizwa. Ukilipa yote ndani ya mwezi inafutwa kwenye rekodi, usipolipa inakaa miaka 6, na hapo kupata nyumba ya kupanga, mkataba wa simu au mkopo wa nyumba ni shida.

Wanaoumia zaidi ni waliohama. V5C bado ina anwani ya zamani, barua zinaenda kule, mtu anagundua ana CCJ siku anaomba mkopo. Kuiomba mahakama iiondoe ada yake inapita pauni 300, kwa deni la 60. Ukihama badilisha V5C wiki hiyohiyo, na leseni pia.

Kwenda mahakamani kwa kujipanga ni kitu kingine kabisa na kunyamaza. Ni kesi ndogo, unakaa mezani na jaji, ukishindwa kwa kawaida unalipa ile 100, ada ya kufungua 35, wakili wao 50 na ada ya kusikilizwa 27, na ile 70 ya wakusanya madeni majaji wengi wanaikata. Ukilipa ndani ya mwezi hamna CCJ inayobaki. Kwa mwenye hoja nzuri aliyeshindwa IAS, hiyo ni hatari inayovumilika. Kwa mtu ambaye Kiingereza cha barua kinamsumbua na hana wa kumshika mkono, Citizens Advice wanasaidia bure, aende na makaratasi yote.

Kwa hiyo nani achukue ipi

Mteja mwenye risiti, meneja kwanza, rufaa kama mwenye gari pembeni. Barua iliyopita siku 14, rufaa moja kwa moja, usilipe, usitaje dereva, na nenda mpaka POPLA kama kampuni ni ya BPA. Mpangaji kwenye nafasi yake mwenyewe, pigana, na umwandikie wakala wa nyumba siku hiyohiyo. Umezidisha sana na huna chochote, omba upole wao kwenye rufaa ya kwanza ndani ya siku 14, wakikataa lipa 60 uendelee na maisha. Barua ya zamani umeikuta na deni limeshafika kwa wakusanya, hakikisha DVLA na kampuni yenyewe wana anwani yako ya sasa, na usubiri makaratasi ya mahakama ukiwa macho.

Ukishinda, ile imeili ya kufuta usiifute. Kampuni ina miaka 6 ya kuweza kufungua kesi, na madeni yanauzwa, inatokea barua mpya inakuja kwa jina la kampuni nyingine kuhusu paking ileile. Unawatumia nakala tu.